Nguchiro Aliyemsingizia Ngiri Ukarimu

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti za wagonjwa hizo, sizitaki. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa. Palikuwa na karai, karai likawa na ukoko, ukoko ukawa na wenyewe. Na wewe uliyeegemea mlango, njoo ukae. Hadithi haisikilizwi kwa mguu mmoja.

Hapo kale wanyama walikuwa na kiwanda cha sukari guru, na mwenye kiwanda alikuwa Mzee Tembo. Miwa inaingia kwenye mtambo, kraa-kraa-kraa! Maji yake yanamiminwa kwenye karai kubwa, yanachemka, bwata-bwata-bwata! Yakishakuwa mazito yanatolewa, yanapoa, yanakuwa sukari. Lakini chini ya karai hubaki ukoko. Mtamu huo, mweusi, unanata kwenye meno mpaka kesho yake. Na desturi ya kiwanda ilikuwa kwamba ukoko ni wa wafanyakazi. Kila jioni unakwanguliwa, kwaru-kwaru-kwaru, na kila mmoja anawapelekea watoto wake kipande.

Nyapara wa kiwanda alikuwa Ngiri. Mnamjua Ngiri: shingo nene, meno nje, tumbo lisilojua neno "basi." Yeye ndiye aliyekabidhiwa kulinda karai. Kumbe wenzake wakienda kunawa mikono, Ngiri anaingiza kichwa chote ndani, kwaru-kwaru-kwaru, anakula peke yake! Wakirudi wanakuta karai linang'aa kama kioo.

"Ukoko uko wapi?" wanauliza.

"Mnaniuliza mimi?" Ngiri anasema, huku anajifuta mdomo. "Muulizeni Nguchiro. Mdokozi yule. Ulimi wake mrefu kuliko mkia."

Nguchiro alikuwa mkoroga karai, mnyama mdogo tu mwenye mwiko mkubwa kuliko yeye. Hakuwa amedokoa hata chembe. Lakini neno baya halihitaji nauli, lilifika kijijini kabla yake. Watoto wakawa wanamwimbia kisimani: "Mdokozi, mdokozi!" Mkewe akienda kuazima ungo, majirani wanafunika vyungu.

Mwisho Mzee Tembo akamwita. "Nguchiro mwanangu, nimesikia maneno. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukoko ukipotea tena baada ya siku ya gulio, usije kazini."

Nguchiro alilia siku hiyo. Alilia kwelikweli, wala msimcheke. Jina baya ni mzigo mzito kwa mgongo mdogo.

Rafiki yake Kindi, mpakiaji wa miwa, akapandwa na hasira kwa niaba yake. "Mshtaki! Mpeleke barazani kwa hakimu, Bi Korongo. Amekuchafulia jina, akusafishie!"

"Nitamshtaki!" Nguchiro akasema.

"Hebu ngoja, baba watoto," mkewe akasema. "Sheria ya Bi Korongo unaijua, au unaruka tu?"

Sheria ilikuwa hivi. Anayeshtaki maneno, sharti ayatamke mwenyewe mbele ya watu wote, mara tatu, ngoma ikilia ndu-ndu-ndu, ili hata waliokwenda kuchota maji wasikie. Kisha athibitishe kwamba maneno yale si kweli.

"Utasimama pale useme, 'Nimeitwa mdokozi, nimeitwa mdokozi, nimeitwa mdokozi,'" mkewe akasema. "Asiyesikia jana atasikia leo. Halafu utathibitishaje kwamba hukula kitu ambacho hakipo?"

Nguchiro akajikuna sikio, kuru-kuru. Akajikuna jingine, kuru-kuru. Kisha machozi yakakauka, akaanza kucheka.

"Kweli, mama watoto. Mimi sishtaki mtu. Nitamwachia Ngiri ashtaki."

Asubuhi akafika kazini mapema, akashika mwiko, akawa anakoroga na kusema kwa sauti: "Jamani, Ngiri ni mkarimu! Ngiri ana roho nzuri! Mlango wake haufungwi, na chungu chake hakifunikwi!"

Kindi akasikia, akamwambia Nungunungu. Nungunungu akamwambia Nyumbu. Nyumbu, wote mnajua, hana siri, akawaambia wakwe zake.

Jioni Ngiri yuko nyumbani, ndiyo kwanza ameketi mbele ya sinia la viazi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, Kindi. Nimesikia u mkarimu." Kindi akala kiazi.

"Hodi!"

"Nani tena?"

"Ni mimi, Nungunungu. Nimesikia u mkarimu." Nungunungu akala viazi, na miiba yake ikachukua vingine.

"Hodi, hodi, hodi!"

"Nani jamani?"

"Ni mimi, Nyumbu, na hawa ni wakwe zangu. Nimewaambia leo tunakula kwa mkarimu." Wakwe wakala viazi, wakaramba sinia, wakauliza kama kuna chai.

Ngiri akatoka nje anapiga kwato, ngrr! "Nani anasema mimi ni mkarimu?"

"Nguchiro," wakajibu. "Anakusifu mchana kutwa."

"Amenichafulia jina! Namshtaki! Kesho hiyohiyo!"

Hata Nyumbu akashangaa, na Nyumbu si mtu wa kushangaa ovyo.

Baraza likajaa. Mzee Tembo akakaa mbele. Bi Korongo akasimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yake. Ngoma ikalia ndu-ndu-ndu.

"Mlalamikaji, tamka maneno uliyosingiziwa."

Ngiri akavimba shingo. "Nguchiro amesema mimi ni mkarimu! Amesema mimi ni mkarimu! Amesema mimi ni mkarimu!"

Watu wakacheka mpaka Nungunungu akamchoma jirani.

"Kimya!" Bi Korongo akasema. "Thibitisha kwamba si kweli."

"Rahisi! Nani hapa amewahi kupewa kitu na mimi?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Ngiri akafurahi sana, akadhani kesi imekwisha. Ndipo Nguchiro akasimama, akainama kwa adabu.

"Bi Korongo, naomba kujitetea. Huyu bwana ni mkarimu, tena kwangu mimi. Si yeye mwenyewe aliyewaambia watu kwamba mimi nakula ukoko wa karai kila siku? Na mlinzi wa karai si yeye? Mlinzi anayekuona unakula kitamu chote kila siku, akakuacha ule ushibe, huyo kama si mkarimu ni nani?"

Watu wakaguna, "Mmh! Maneno hayo!"

Bi Korongo akabadilisha mguu. "Ngiri, unasemaje? Ulimwachia Nguchiro ukoko?"

"Uongo!" Ngiri akanguruma. Aliona ushindi wake unamponyoka, akili ikamruka. "Nimwachie nani? Hajaonja hata chembe! Ukoko wote nimekula mimi! Wa jana mimi, wa juzi mimi, peke yangu, na wala sikumbakizia mtu!"

Baraza zima likamgeukia Mzee Tembo.

Bi Korongo akakohoa. "Baraza limeridhika. Ngiri si mkarimu. Ngiri ameshinda kesi!"

Ngiri akarukaruka kwa furaha. "Nimeshinda! Nimeshinda!"

"Nguchiro, mwombe radhi."

Nguchiro akaweka mkono kifuani. "Bwana Ngiri, nisamehe. Nilikuita mkarimu. Sitarudia tena maisha yangu yote."

Basi kesho yake Mzee Tembo akampa Nguchiro unyapara na ulinzi wa karai. Ngiri akapewa kazi ya kubeba makapi. Jioni hiyo ukoko ukakwanguliwa, kwaru-kwaru-kwaru, kila mtoto akapata kipande, na waliokuwa wakiimba "mdokozi" wakaanza kuimba "nyapara." Mpaka leo Ngiri hula amepiga magoti. Wengine wanasema anaomba msamaha. Mimi nasema anatafuta ukoko.

Na funzo lake, watoto wangu: ukisemwa kazini, usichelewe, kimbia ukashtaki. Ngiri alishtaki, na alishinda.

— Lakini bibi, si alipoteza kazi?

Nani amekuuliza ya kazi? Kesi alishinda au hakushinda?

— Alishinda.

Basi funga mdomo. Hadithi yangu nimeikwangua yote, karai ni jeupe. Aliyebaki na hamu, akarambe mwiko wa kwao.