Jina Moja kwenye Mkeka

Sogeeni karibu. Na yule anayependa kujibu kabla swali halijaulizwa, leo akae mbali nami. Hadithi hii imegombanisha watu wazima wenye akili zao, na mimi ninayeisimulia nimebadili jibu hadi nimechoka.

Palikuwa na wasomi watatu, kila mmoja na chuo chake na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Dokta Raya, wa chuo kikuu kimoja cha Unguja. Kipaji chake kilikuwa kuyasoma maji. Wewe na mimi tukitazama bahari tunaona bahari. Raya huona hapa pana joto, pale mkondo unakwenda, kule unarudi.

Wa pili alikuwa Injinia Barasa, wa chuo kimoja cha magharibi mwa Kenya, karibu na ziwa. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mpe kamba, nyavu kuukuu na dumu tupu la mafuta, atakutengenezea kitu ambacho hukujua kuwa unakihitaji.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Nasrin, wa chuo cha mbali kabisa, Bangladeshi, nchi ya mito na mafuriko. Yeye kipaji chake kilikuwa kumfundisha mtu kukaa juu ya maji asizame. Kiswahili alijua maneno machache tu, lakini ni yale hasa yanayohitajika: pumua, legea, usiogope.

Sasa twendeni Ukungwini, kijiji cha Pemba ambako wanawake hulima mwani. Kwa asiyejua, shamba la mwani liko baharini. Maji yakitoka, akina mama wanatembea hadi huko, maji ya magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba zilizokazwa baina ya vigingi. Mwani ukikua wanavuna, wanaanika, wanauza. Mwenyekiti wa ushirika wao alikuwa Bi Time, mwanamke asiyemwogopa mtu, na msaidizi wake alikuwa wifi yake, Hidaya, mke wa kaka yake.

Msimu mmoja mwani ukaanza kufa. Ukawa mweupe, ukalainika, ukakatika wenyewe. Msimu uliofuata vilevile. Na kwa kuwa shamba la Hidaya lilikawia kufa kuliko la Bi Time, maneno yakaanza. Ati Hidaya ana husuda. Ati kuna kitu alikitupa majini. Mawifi waliokuwa wakila sahani moja wakawa hawaamkiani. Wengine wakaacha kulima kabisa, na mwani ule ndio uliokuwa ukiwasomesha watoto wa Ukungwini.

Hapo ndipo Dokta Raya alipoingia. Mwaka mzima alishinda baharini na akina mama, nguo zimemlowa hadi kiunoni, akitia vipimajoto, akiachia maboya madogo na kuyafuata aone mkondo unayapeleka wapi. Mwisho akawaita wote.

"Bi Time, hakuna aliyekuroga," alisema. "Maji ya huku ufukweni yamepata moto. Mwani unapikwa huku mnauangalia. Shamba la wifi yako liko karibu na mkondo wa baridi, ndiyo maana likakawia."

"Na dawa yake nini?"

"Tuuhamishie kwenye kina."

Bi Time akainuka, akaenda moja kwa moja alipokaa Hidaya, akamwambia mbele ya watu wote, "Wifi yangu, nisamehe. Nilikudhania." Hidaya akalia. Mimi nikifika hapa nami hulengwa na machozi, msinicheke.

Lakini kwenye kina kamba za vigingi hazifai, mawimbi huunyofoa mwani wote. Raya hakuwa na la kufanya. Msomi mwingine angeandika ripoti, akaenda zake. Yeye alimpigia simu Barasa, ambaye waliwahi kukutana mkutanoni, akamwambia, "Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Njoo wewe uendelee." Nawaomba mkumbuke maneno hayo. Msomi kuyatamka ni kazi kubwa.

Barasa akaja na wanafunzi wake na magunia ya nyavu. Wavu wa kwanza ulichanika. Wa pili haukuchanika, ila matundu yake yalikuwa makubwa, na tafi, samaki wapendao mwani kama watoto wapendavyo sukari, wakaona wameletewa karamu.

"Poleni, akina mama," Barasa akasema, akiushika wavu mtupu. "Hii imeenda. Wacha nijaribu tena."

"Jaribu, mwanangu," Bi Time akamjibu, "lakini safari hii utulimie sisi, usiwalimie tafi."

Akajaribu tena, na tena. Mwisho akashona mirija mirefu ya nyavu yenye matundu madogo, mbegu zikakaa ndani, na mirija ikafungiwa madumu matupu ili ielee. Kila dumu alilifunga kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, ili kazi ya kuvuna iwe nyepesi. Mwani ukanenepa kule kinani hata watu wakawa wanakwenda kuutazama tu.

Basi vyuo viwili vile vikafanya sherehe. Hotuba, makofi, picha. Mwisho Barasa akanyoosha mkono kuelekea baharini. "Sasa akina mama, karibuni mvune."

Hakuna aliyesogea.

"Kuna nini?" Raya akauliza.

Hidaya ndiye aliyejibu, sauti ya chini. "Dokta, sisi hatujui kuogelea."

Msicheke. Au chekeni, nami nilicheka. Wasomi walidhani mtu aliyeshinda baharini maisha yake yote anajua kuogelea. Akina mama, waliozoea kwenda shambani kwa miguu, walidhani siku ya mavuno wataletewa chombo cha kusimama juu yake. Hakuna aliyeuliza upande wowote. "Nami sikuuliza," Bi Time alikiri. "Macho yangu yote yalikuwa kwenye unono wa mwani."

Raya na Barasa waliona aibu, lakini hawakuificha. Wakaandika kwa kile chuo cha Bangladeshi, wakaeleza kosa lao lilivyo. Chuo kile kikamruhusu Nasrin aondoke msimu mzima, cha Unguja kikampa nyumba, cha Kenya kikampa vyombo vya kufundishia. Nimeviona vyuo vingi vikitia saini za ushirikiano, vikapiga picha, na karatasi ikaingia kabatini kulala. Hawa hawakulala, na kwa hilo nawavulia kofia.

Nasrin alipofika, waume wakamjia juu. "Wake zetu wataogelea wamevaa nini?" Hakubishana. Alimpa kazi fundi cherehani wa pale: suruali pana, kanzu fupi, mtandio wa kufungwa nyuma. Akavaa, akaingia majini mbele yao, akalala chali juu ya maji, nguo zote mwilini, akatulia kimya. Waume wakaridhika.

Kisha akawaambia akina mama, Raya akimtafsiria, "Dada yangu alikufa maji. Hakuhitaji kujua mengi. Kuelea tu."

Bi Time, asiyemwogopa mtu, aliogopa kulowa uso. Siku ya kwanza alimkaba Nasrin shingo nusura wazame wote wawili. "Legea," Nasrin akasema huku akikohoa. "Pumua. Usiogope." Kila siku maneno yaleyale, kwa mama mmoja mmoja, hadi wote wakaweza kulala juu ya maji kama waliolala vitandani kwao.

Siku ya mavuno ya kwanza ilikuwa ya bamvua, maji yana nguvu. Wanavuna, wanaimba, wanatupia mirija ndani ya boti, mara mkono wa Hidaya ukateleza kwenye mrija alioushika. Mkondo ukambeba.

"Wifi yangu!" Bi Time akapiga ukelele. "Wifi yangu anakwenda!"

Sikilizeni vizuri hapa. Hidaya hakupigana na maji. Alilala chali, akalegea, akapumua. Alipokuwa akipita penye mrija wa mwisho alinyoosha mkono, akavuta, fundo likafunguka, dumu likabaki kifuani kwake. Mpiga kasia wa boti akataka kumfuata. Raya, aliyekuwa naye botini, akamzuia kwa nguvu zake zote.

"Usimfuate, hutampata! Nenda nyuma ya lile jabali. Mkondo unazunguka, utamleta pale."

"Dokta, yeye anakwenda kule, wewe unanituma huku?"

"Nenda!"

Akaenda. Akasubiri. Na kweli, Hidaya akatokea nyuma ya jabali, amekumbatia dumu, macho yanatazama mbingu, midomo inanong'ona, "Pumua, legea, pumua, legea."

Bila pumzi ya Nasrin angezama mapema. Bila dumu la Barasa angechoka njiani. Bila Raya, boti ingemtafuta mahali asipokuwapo. Na mwani wenyewe, bila mmoja wao tu, usingevunwa.

Akina mama wakasuka mkeka wa shukrani. Ukindu mwembamba, rangi nne, mkeka ambao hata bibi harusi wa tajiri hajatandikiwa. Ukabaki ukili, yaani utepe wa pembeni, ambao kwa desturi yao husukwa jina la anayepewa. Nafasi ni ya jina moja.

Nawajua nyinyi. Kuna atakayesema ukatwe vipande vitatu. Ukikatwa utafumuka. Mwingine atasema lisukwe neno "ushirikiano" yaishe. Akina mama walikwishakataa: mkeka ni wa mtu kuulalia, na neno halina mgongo.

Wasomi wakaulizwa. Raya akasema, "Mpeni Barasa." Barasa akasema, "Mpeni Mwalimu Nasrin." Nasrin akamwonyesha Raya kwa kidole. Lakini Bi Time, mtu wa macho makali, aliona namna kila mmoja alivyoupapasa mkeka ule akidhani haonekani. Wote watatu walikuwa wakiutaka. Na jambo hili si dogo, kwa sababu vijiji vya ghuba ya pili mwani wao umeanza kuwa mweupe, vinawasubiri watatu hawa hawa waje pamoja. Akiondoka hata mmoja na kinyongo, kazi ya huko imekwama.

Basi Hidaya amekaa sakafuni, mkeka mapajani, ukindu mwekundu umeshalowekwa na ukichelewa utakauka. Ndiye msukaji wa herufi, na ndiye aliyeokolewa. Anamtazama wifi yake. "Niambie, Time. Nianze na herufi gani?"

Bi Time amewageukia nyinyi. Haya, semeni: mngemwambia asuke jina la nani?