Kanga Waliolowa

Niazimeni masikio kidogo kabla hatujasimama kuomba. Kulikuwa na mwindaji mmoja wa kanga. Nasema kanga wale ndege wa porini wenye madoadoa. Kina mama msiniangalie hivyo, sisemi hizo mlizojifunga.

Mtu huyu alikuwa ameshapita umri wa kukimbizana na ndege, na mitego yake alikwisha kuitundika darini. Lakini mkewe aliugua homa, ikafika siku ya sita hakiingii kitu mdomoni. Uji anausukuma. Chai anaitazama mpaka inapoa. Mzee akawa anakizunguka kitanda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akainama, akamwuliza, “Mama Sechelela, hakuna kabisa kitu ambacho roho yako inakitaka?”

Mama akafikiri, akajibu kwa sauti ndogo, “Mchuzi wa kanga. Ule uliokuwa unanipikia nilipojifungua.”

“Nitakuletea.”

“Kwa mvua hii? Baba Sechelela, tulia. Ukiugua na wewe, nani atamwuguza mwenzake?”

Mvua ilikuwa inanyesha tangu jana yake, ile ya upepo, inayokupiga ubavuni. Wangapi kati yetu tungetoka? Mzee alijifunika gunia kichwani, akachukua fimbo, akatoka. Ndivyo alivyompenda mkewe, na hilo tusimnyime.

Korongo lilikuwa limejaa, akalizunguka. Akateleza, akaanguka mara mbili. Ndala moja ilibaki kwenye tope. Akatembea na nyingine, kisha akaona inamchelewesha, akaiacha nayo. Kanga hakuna, hata sauti. Saa nane alikuwa ameshageuka kurudi nyumbani, moyo umemwinama, ndipo alipowaona chini ya kichaka cha miiba: kanga sita, wamebanana, shingo wamezivuta ndani, maji yanawachuruzika. Alisimama akingoja waruke. Hawakuruka. Kanga akilowa sana mbawa zake huwa nzito. Atakimbia hatua mbili tatu, atachoka, ataketi. Mzee hakuinua hata fimbo. Aliwaokota mmoja mmoja akawatia kwenye gunia, na yule wa mwisho alimtazama tu akija.

Alifika nyumbani anatetemeka na huku anacheka. “Mama Sechelela! Sita!”

Mkewe akajiinua kwa kiwiko, mara ya kwanza tangu augue. Akamfuta maji usoni kwa pindo la shuka. “Umewapataje sita, na mitego iko darini?”

“Sikuwatega. Wamelowa, hawawezi kuruka. Hata wewe na homa yako ungewakamata.”

Mama akageuka. Akalitazama lile gunia linavyotikisika sakafuni. Halafu akamshika mumewe mkono, akamwuliza taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba:

“Na shamba la shemeji yako, ulilipataje?”

Ndugu zangu, kuna jambo sikuwaambia. Miezi miwili kabla ya hapo, mdogo wake mzee huyu alifariki. Mjane akabaki na watoto wanne, ghala tupu, na shamba zuri la bondeni. Akaja kwa mzee, akasema, “Shemeji, chukua shamba, nipe chochote watoto wale.” Mzee akampa magunia mawili ya mahindi. Hakuiba. Hakumtisha. Mashahidi walikuwepo, karatasi iliandikwa, na kijiji kizima kilimsifu kwamba amemsaidia mjane.

Mzee akakaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wake ungali mkononi mwa mkewe, mabega yakaanza kutikisika. Mama alimsogezea shuka, akamfunika.

Kanga mmoja alichinjwa siku ile, na mama akanywa mchuzi, vijiko vichache tu. Wale watano walikauka jikoni karibu na mafiga, na asubuhi mzee akawafungulia. Kisha akaichukua ile karatasi, akaenda peku mpaka kwa mjane.

“Shemeji, nisamehe. Ulinijia kama ndugu, nikakupokea kama mnunuzi. Shamba ni lako. Na mahindi yale ni chakula cha watoto wa mdogo wangu, yaliwe tu.”

Yule mjane aliketi pale pale mlangoni. Akasema, “Nilikuwa nimeshawaambia watoto wafunge vitu vyao. Tulikuwa tunaondoka leo.”

Sasa tujiulize sisi, tuliokaa pakavu chini ya bati hili. Sisi hatuibi, sivyo? Sisi tunanunua tu kiwanja cha mtu aliye kwenye matanga. Tunamwajiri binti kwa kadiri ya njaa yake. Kisha tunanawa mikono, tunasema, “Alikubali mwenyewe.” Ndiyo, alikubali. Je, angekubali kama jua lingekuwa linawaka?

Kabla hujanyoosha mkono, jiulize hilo. Maana Bwana hatatuuliza tu kama tuliiba. Atatuuliza tulimkuta mwenzetu katika hali gani, na mkono wetu ulikwenda kufanya nini, kumfunika au kumkamata.

Kuna jina limekujia moyoni sasa hivi. Usiniambie mimi. Nenda kwake leo, naye bado hajaondoka.