Pumzi ya Muyombo na Jina la Bintiye

Sogeeni, na mliokaa nyuma msije mkasema hamkusikia. Hadithi hii mimi ninao mwanzo wake tu. Mwisho wake nitauomba kwenu.

Katika mji mmoja kando ya Ziwa Tanganyika walikuwapo wazamiaji wa kazi, watu wanaoshuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, kutengeneza mabomba na kunasua nanga. Watatu kati yao walikuwa na vipaji.

Riziki alijaliwa pua. Ukimpita asubuhi, mwanamke huyo atakuambia chai yako ilitiwa tangawizi na shati lako limepigwa pasi ya mkaa. Yeye ndiye aliyejaza mitungi hewa kwa kompresa, mashine ya kushindilia hewa.

Sikitu alijaliwa mikono isiyo na papara. Aliosha mitungi na koki zake: akazifungua, akazisugua kwa sabuni na maji moto, akazisuuza, akazikausha, akazimulika kwa tochi, kisha akaanza upya. Wenzake walimtania, "Sikitu, hiyo koki unaiosha au unaiandalia harusi?"

Yamungu naye alijaliwa pumzi. Akizama bila mtungi, walio juu humaliza mazungumzo yao na kuanza mengine, ndipo kichwa chake huchomoza.

Siku moja bomba linalovuta maji ya mji liliziba. Yamungu akashuka kulizibua pamoja na mwenzao, Muyombo, hadi kina cha mchikichi mrefu. Wakafanya kazi kwa muda mrefu. Walipokuwa wanakaribia kumaliza, zege lililoshikilia bomba likateleza, likambana Muyombo mguu.

Yamungu alisukuma, zege halikutikisika. Akatazama kipimo cha hewa cha mwenzake: mtungi ulikuwa unaelekea kwisha. Basi akavua mtungi wake mwenyewe, akamwachia Muyombo, akapanda juu kwa pumzi moja, akiitoa kidogo kidogo njia nzima.

"Mtaimbo!" alipaza sauti alipofika gatini. "Na mtungi mwingine, upesi!"

Mitungi iliyojaa ilikuwapo. Riziki alifungua mmoja kidogo, akanusa. Akafungua wa pili. Uso ukambadilika.

"Hii haishuki," alisema. "Upepo umegeuka, kompresa imevuta moshi wa jenereta. Akiuvuta kule chini atasinzia asiamke. Na wewe Yamungu pia."

Zaituni, mke wa Muyombo, alikuwa akikaanga mihogo pale karibu na gati. Alikuja mbio na tumbo lake kubwa. "Dada Riziki! Mume wangu anakata roho, wewe unanusa?"

"Wifi yangu, nikimpelekea hii ndiyo nitakuwa nimemuua."

Riziki hakukubali kuitoa. Aliburuta mpira wa kompresa hadi upande unaotoka upepo, akabadilisha chujio, akajaza upya, akanusa tena. "Nenda. Haujajaa, lakini ni safi."

Yamungu akashuka. Alimkuta Muyombo amefumba macho, anavuta hewa ya mwisho mwisho. Akambadilishia mtungi, akachomeka mtaimbo chini ya zege, akakaza mpaka mguu ukatoka. Kupanda walipanda polepole, wakipokezana hewa ya mtungi ule, ila haikutosha kupumzika njiani kama inavyotakiwa kwa mtu aliyekaa chini muda wote ule.

Walipomlaza gatini, Muyombo aliuliza, "Miguu yangu iko wapi?"

Wazamiaji wanaujua ugonjwa huo wa kupanda bila kupumzika njiani, unaompiga mmoja ukamwacha mwenzake, na wanajua kwamba mgonjwa lazima avute oksijeni tupu kabla hajafikishwa hospitali. Mtungi wa oksijeni ulikuwa pale pale. Zaituni akaurukia, akaishika koki kwa mikono iliyolowa mawese.

Sikitu alimsukuma, nusura aanguke.

"Unanisukuma, shemeji? Na tumbo hili?"

"Nisamehe. Oksijeni tupu ikikutana na mafuta huwaka. Ungeifungua, tungeungua sote, na Muyombo wa kwanza."

Akaketi chini na sabuni na maji moto. Watu wakapiga kelele, wengine wakamtukana. Mikono yake ikaenda mwendo wake ule ule. Alipoimulika koki kwa tochi aliona tone jekundu limejificha kwenye hesi, vijifereji vya kukazia koki. Akaiosha tena. Ndipo akaifungua, na oksijeni ikaingia kifuani mwa Muyombo.

Gari la wagonjwa lilikuwa bado linakuja wakati Zaituni, aliyekuwa amekishikilia kisigino cha mumewe, alipopiga kelele: "Kidole! Kidole kimecheza!"

Basi Muyombo alitibiwa, akatembea kwa fimbo, kisha bila fimbo. Bomba likazibuliwa na mji ukapata maji. Zaituni akajifungua mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Siku ya kumpa jina waliketi wote mkekani. Muyombo akasema, "Binti yangu ataitwa jina la aliyenirudishia pumzi. Riziki, Sikitu, Yamungu: yote hayo humfaa mtoto wa kike kama wa kiume."

"Basi mpe yote matatu," Riziki alisema, akicheka.

Mama yake Muyombo akakataa. "Jina la kuitia ni moja. Mtoto ukimwita kwa majina matatu haitikii hata moja."

"Kama ni moja," alisema Yamungu, "ni mimi niliyemwachia mtungi wangu."

"Ukarudi kuchukua mwingine," Riziki alimjibu. "Ungeuchukua ule wa moshi, tungewazika wawili."

Sikitu aliguna. "Na mimi nisingeosha, tungezikwa gati zima, na mtoto tumboni."

Muyombo alimwelekea Yamungu, kwa sababu mkono wake ndio alioushika gizani kule chini. Zaituni alimwelekea Sikitu. Bibi alimwelekea Riziki. Alisema kukataa mbele ya watu wanaolia ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Jua likapanda, chai ikapoa, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mtoto yuko mapajani mwa bibi yake, amefumbua macho, anawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja wa wale watatu anangoja aitwe somo wake. Enyi mliosikiliza, wakubwa kwa wadogo: mngekuwa pale mkekani, mngemwita nani?