Mimba za Miaka Kumi na Minane

Hapo zamani, udongo ulipokuwa ndio marumaru ya wafalme, Sultani Mwinyikondo alitawala mji wa Sungamwe, mji wenye kisima kimoja. Mlinzi wa kisima alichaguliwa na watu: kila aliyetimiza miaka kumi na minane huandikishwa, kisha hutia kokwa yake mtungini. Mlinzi wa wakati huo alikuwa shemeji yake Sultani, mtu wa usingizi, hafungui kisima mpaka jua limekwisha kuchoma. Wanaoteka maji ni vijana, basi wanaoungua ni wao, ikawa vijana wote wameapa kumng'oa.

Sultani akapata habari. Sheria ya wazee hawezi kuifuta, akaiongezea mkia: kijana anayetaka kuandikishwa amlete mkunga aliyempokea, aape kwamba kweli alizaliwa. Na mkunga wa Sungamwe alikuwa mmoja tu, Bi Kizota, naye alikwisha kufa, Mungu amrehemu.

Siwatu binti Shambi, msichana asiye na kitu ila kanga mbili na maneno, akaenda barazani amefura, lakini hasira akaiweka chini ya ulimi.

"Mkunga wako yuko wapi, binti?" akauliza Sultani.

"Kaburini, bwana wangu."

"Basi mlete."

Baraza likacheka. Waziri Makame, ambaye hakupenda kicheko kipite bila yeye, akadakia: "Asiyeshuhudiwa hajazaliwa."

"Basi mimi, bwana Waziri, nipo wapi sasa hivi?"

"Umo tumboni mwa mama yako."

"Ahsante kwa kunielekeza," akasema Siwatu. "Naomba jambo hilo lipigiwe mbiu, nisije nikajizaa kwa makosa."

Sultani akaona ni upumbavu mtupu, akaamuru mbiu ipigwe mji mzima.

Kulipokucha wakaja akina mama, mikono viunoni, matumbo mbele, wakihema. Aliyetangulia ni Bi Mwanakombo, mama yake Siwatu.

"Bwana wangu, nina mimba ya miaka kumi na minane, na hamu zimenishika. Natamani pilau ya jikoni kwako."

Na Sungamwe mwenye mimba hanyimwi. Amnyimaye huota chokea jichoni, na Sultani aliogopa chokea kuliko vita. Pilau ikaliwa ikaisha. Mmoja akataka ukwaju. Mwingine akataka kunusa kilemba cha Sultani, kikazungushwa, kikanuswa. Wa tatu akamtazama Waziri, akaziba pua.

"Mimba hii imemkataa huyu. Nikimwona tu, moyo wanichafuka."

Waziri akahamishiwa zizi la mbuzi, na huko nako mama mmoja akalalamika kwamba bado anamsikia.

Kisha wakatamani udongo. Na mja mzito hatamani udongo wa njiani. Hutamani ule mwekundu unaonukia mvua, nao ndio uliokandikwa juzijuzi kwenye kuta za jumba. Basi wakabandua, wakatafuna, wengine wakafunga pembeni mwa kanga akiba ya jioni. Haikufika adhuhuri, Sultani akawa anauona mtaa akiwa kitini, na upande ule haukuwa na dirisha.

"Siwatu, waambie mama zenu inatosha."

Siwatu akachungulia nyuma ya mamaye. "Bwana wangu wasema na nani? Mimi sijazaliwa."

Kabla Sultani hajafumba kinywa, mama yake mzazi akatoka ndani, mkono mmoja mkongojo, wa pili kiunoni.

"Aliyekupokea wewe naye ni marehemu. Basi mimi mimba yangu ni kongwe kuliko zao, na imeota ndevu. Natamani kukalia kiti hicho."

"Lakini mama..."

"Tangu lini mimba ikajibu?"

Sultani akaondoka kitini. Bibi akakaa, akaomba naye kipande cha ukuta. Hapo Sultani akaangua kicheko, akacheka hata akashika nguzo.

"Waandikeni," akasema. "Kila mama na amshuhudie mwanawe, maana siku ile naye alikuwapo."

Basi mitungi ikajaa kokwa, shemeji akang'oka, akapata kulala mpaka adhuhuri bila mtu kumsumbua. Kisima kikawa kinafunguliwa alfajiri. Lile tundu la ukutani Siwatu aliomba lisizibwe, na mpaka leo vijana wa Sungamwe hupenya hapo kwenda kuandikishwa. Waziri peke yake ndiye huzunguka kwa mlango.

Nami ninaishia hapo hapo ukutani, palipobanduliwa.