Dawa Katika Mtambo wa Kathini

Katika milima ya Mbooni hapakuwa na boma safi kama la Kathini. Ua wake ulifagiwa mara mbili kwa siku, na majirani walimtania kwamba hata kuku wake hujifuta miguu kabla ya kupita. Kwa hiyo watu walishangaa alipokubali kujengewa mtambo wa bayogesi nyuma ya zizi. Alikuwa na sababu moja. Ndunge, mama mkwe wake, alikuwa na mapafu mabovu, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba moshi wa kuni ungemmaliza.

Mtambo ulifanya kazi barabara. Kila asubuhi Kathini alikoroga ndoo mbili za kinyesi cha ng'ombe kwa maji, akamimina ndani, na gesi ikapita kwa bomba hadi jikoni. Mwali ulikuwa wa buluu, bila chembe ya moshi. Ndunge akaanza kulala usingizi wa pono, na mchana akapata pumzi ya kuimba nyimbo za kanisa. Muindi, fundi aliyeujenga mtambo huo, alikuwa ametoa onyo moja tu: "Humo ndani kuna vijidudu ndivyo vinatengeneza gesi. Ukimwaga dawa ya kuua viini, umeviua."

Mwezi wa Juni akina mama wa kanisa kutoka Kitui walituma habari kwamba wangekuja kuuona mtambo. Kathini alifurahi, kisha akakumbuka harufu. Siku moja kabla ya ugeni alilisugua zizi kwa dawa, akausugua na mdomo wa mtambo, na maji yote ya povu akayaacha yaingie ndani. Wageni walikuta boma linanukia kama zahanati. Chai yao iliiva kwa gesi iliyokuwa imebaki, wakamsifu, wakaenda zao. Siku ya nne mwali ulififia. Siku ya sita ulizimika kabisa.

Muindi alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Ijumaa.

"Gesi inatoka vizuri, mama?"

"Iko sawa tu, fundi. Hakuna shida."

Alipomaliza kusema hivyo, alikwenda kuwasha kuni. Mwanzoni alizipeleka nyuma ya nyumba, lakini manyunyu na baridi ya Julai vilimrudisha jikoni, palipotenganishwa na chumba cha mgonjwa kwa ukuta mmoja tu. Kikohozi nacho kikarudi.

"Mwambie Muindi ukweli," Ndunge alimsihi.

"Nitamwambia nini, mwaitu, mama yangu? Ati nilimwaga ile dawa alinikataza? Kanisa lote litajua."

"Wacha lijue. Mimi ndiye nakohoa."

Kathini alimpenda mama mkwe wake. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini aibu yake ilikuwa imeizidi huruma yake. Alijidanganya kwamba vijidudu vingerudi vyenyewe. Ijumaa nane zilipita, na kila Ijumaa jibu lake lilikuwa lile lile.

Ijumaa ya tisa Ndunge alikuwa hospitalini, akipumua kwa oksijeni. Kathini alipopokea simu alilia, akaeleza yote. Muindi hakumgombeza. Alifika siku hiyo hiyo, akachota nusu ya uchafu uliokuwa ndani ya mtambo, akaleta madebe kumi ya kinyesi kilichochacha kutoka mtambo wa jirani yao Nzau, akakimimina.

"Hii ni kama mbegu," alisema. "Wiki tatu hivi, gesi itarudi."

"Wiki tatu tu?"

"Tatu tu, mama. Ungeniambia ile Ijumaa ya kwanza, Julai haingeisha kabla hujapikia gesi."

Gesi ilirudi siku ya ishirini, Alhamisi. Ndunge alikuwa amefariki siku tano kabla yake, na Jumamosi ya wiki hiyo akazikwa. Wazee wa kanisa waliokuja kuomba asubuhi ya mazishi walipewa chai iliyopikwa kwa mwali wa buluu. Mmoja wao alichungulia jikoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Jikoni kwako ni safi kweli, mama. Hata moshi hakuna."

Kathini alimwongezea chai. Aibu aliyoificha kwa majuma tisa ilikuwa imemnyima dawa ya majuma matatu, na sasa hapakuwa na wa kupikiwa bila moshi: mficha uchi hazai.