Mwaka wa Kuazima

Katika mtaa ule hakukuwa na fundi cherehani aliyemshinda Mama Pindo kwa sare za shule. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila sare aliiachia pindo nene la kushushwa mtoto anapokua. Shule zikikaribia kufunguliwa, kibanda chake kilijaa watoto wa kupimwa hadi nje. Naye, tepu shingoni na pini mdomoni, alimtazama mtoto mara moja tu akakutajia umri wake, wala hakosei. Ndiyo maana aliyoyafanya mwaka ule hayana kisingizio cha kutojua.

Yalianza kwa jirani yake muuza viatu, mwanamke mwenye mdomo usio na kifuniko. "Wangu anaingia darasa la kwanza," alisema akisubiri sare ya binti yake ipigwe pasi. "Na wako je, shoga? Bado yuko chekechea analala mchana? Haya, usijali, nitamwekea madaftari ya wangu akishayamaliza."

Wateja wakaangua kicheko. Mama Pindo naye alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Binti yake, Kidoti, alikuwa na miaka mitano, tena mitano ya juzi juzi. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwepesi wa ulimi, na aliweza kuhesabu vifungo hadi kumi na viwili bila kukosea.

"Kwa akili hizi, mwaka mmoja ni kitu gani?" alimwambia mumewe siku ile ile.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. "Mwaka mmoja ni mwaka mmoja, mke wangu," alijibu huku akisugua mikono yake. "Rangi ya chini isipokauka, ukaharakisha ya juu, zote mbili zinabanduka. Mwache mtoto akue."

"Wewe na rangi zako!" alisema Mama Pindo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Shule ya pale ilikuwa na desturi yake. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipimwa kwa mkono. Aliambiwa asimame wima, aupitishe mkono juu ya utosi, aguse sikio la upande wa pili. Akilifikia, ametimiza miaka sita. Asipolifikia, arudi mwakani. Mama Pindo alikificha cheti chini ya marobota ya vitambaa, kisha kwa wiki mbili nzima akamfundisha mwanawe nyuma ya cherehani. Inua bega. Vuta kiwiko. Inamisha kichwa, lakini kidogo tu, wasione.

"Na ukiulizwa miaka?"

"Sita!"

"Ukisema mitano?"

"Watanirudisha, na Mama atalia."

Hilo ndilo somo la kwanza alilopata mtoto yule, na mwalimu wake alikuwa mama yake mzazi.

Siku ya kuandikishwa, Kidoti aligusa sikio kwa ncha ya kidole. "Cheti tutakileta, tumehama nyumba, kimo kwenye mizigo," Mama Pindo alisema bila kupepesa macho. Walipotoka alimpitisha mtoto mbele ya duka la viatu, polepole, mara mbili.

Wiki ya tano akaitwa shuleni. Ofisini alimkuta mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole wa makamo aliyeshika daftari la Kidoti. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu haifiki sakafuni.

"Mama, hatuna ugomvi," mwalimu wa darasa alianza. "Mtoto ana adabu. Lakini penseli inamshinda. Ikifika saa nne amelala. Wenzake wakimaliza mstari, yeye yuko herufi ya kwanza, analia. Angekuwa na miaka mitano nisingesema neno, wa mitano ndivyo walivyo. Kwa wa sita, yuko nyuma mno. Tunataka kumwandikia barua aende darasa maalumu, la watoto wazito wa kuelewa. Je, hata nyumbani umeliona hilo?"

Neno moja tu la kweli lingetosha. Lakini Mama Pindo alimwangalia mwalimu mkuu, mteja wake wa miaka mingi, akaona aibu, na kinywa chake kikasema: "Ndiyo, mwalimu. Ni mzito kidogo. Tangu zamani."

Lo! Mama mzazi huyo! Alikubali mwanawe aitwe mjinga ili yeye asiitwe mwongo.

Kidoti akateremka kwenye benchi, akamshika mama yake gauni. "Mama, nimesema sita," alinong'ona. "Kila siku nasema sita. Mitano sijawaambia. Kwani nimekosea wapi?"

Mwalimu mkuu akavua miwani yake, akaiweka mezani. Mama Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haikupasuka. Ikambidi aseme yote, cheti, bega na kiwiko, huku machozi yakimtiririka. "Mwanangu si mzito, mwalimu. Mwepesi kabisa. Mimi ndiye niliyemwongezea mwaka."

"Barua basi haitaandikwa," alisema mwalimu mkuu. "Leo anarudi chekechea. Mwakani atuletee cheti, sikio hatulihitaji."

Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa na habari, na muuza viatu alizicheka mpaka akachoka. Hilo Mama Pindo alilimeza. Lakini wiki iliyofuata mteja mmoja alimshika Kidoti kidevu, akamuuliza kwa utani, "Una miaka mingapi, mrembo?" Mtoto alimgeukia mama yake kwanza, akamkazia macho, akisubiri kuambiwa leo aseme mingapi.

Mama Pindo aliinamia cherehani na hakuweza kuinua uso. Uongo wake ulikuwa umetembea wiki tano tu, ukafika mwisho wake. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.