Bi Lubaba na Mama Aliyesemewa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki palikuwa na nyumba ya wagonjwa, na aliyewauguza wanawake humo alikuwa mcha Mungu mmoja, Bi Lubaba.

Siku moja aliletwa bikizee aitwaye Bi Rabab, mkono umevunjika. Aliyemleta ni mwanawe wa kumzaa, Harith, mtu wa safu ya mbele msikitini, tena msimamizi wa wakfu ulioiendesha nyumba ile. Kila Bi Lubaba alipomuuliza mama, alijibu Harith. "Ameteleza kisimani." Mama akainamisha uso. Lo! Mtu ana ulimi wake, na mwingine anamsemea!

Bi Lubaba hakubishana. Alisema tu, "Sasa ninamwosha, naye ni mwanamke mwenye stara yake. Tupishe, bwana." Harith akatoka.

Alipomvua nguo, aliona alama za fimbo mgongoni, mpya juu ya za zamani. Machozi yalimlengalenga. Akammwagia maji ya vuguvugu polepole, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kisima hakiachi alama za fimbo. Ukitaka kusema, nitakuamini. Usipotaka, nitakuuguza vivyo hivyo."

"Nikisema, binti yangu, nitakuwa nimemlaani niliyemzaa."

"Kusema kweli si kulaani. Je, wewe mwenyewe unataka nini?"

Subhanallah! Bikizee yule alilia mpaka mabega yakatikisika, kwani tangu afiwe na mumewe hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akasema, "Nataka kukaa kwa dada yangu. Niitie kadhi."

Harith aliposikia kadhi ameitwa, alimjia Bi Lubaba juu. "Muumini husitiri aibu ya mwenzake! Ukifungua mdomo, kesho huna kazi hapa."

"Nikiisitiri aibu yako, bwana, nani atausitiri mgongo wake? Na riziki yangu haiko mkononi mwako." Akasimama kati ya Harith na kitanda cha mama.

Kadhi alipofika aliuliza, "Shahidi ni nani?" Kabla Bi Lubaba hajajibu, bikizee alijiinua kwa mkono wake mzima, akamtazama mwanawe usoni. "Mimi. Huyu ndiye aliyenipiga. Simlaani, na kila sala namwombea. Lakini kwake sirudi."

Husemwa kwamba kadhi mwenyewe alifuta machozi, kisha akaamuru mama apelekwe kwa dada yake jioni ile ile, na Harith asimkaribie ila kwa idhini ya mama mwenyewe.

Ndugu zangu, ni wangapi leo tunamwambia aliyepigwa, "Subiri tu, ni damu yako," kisha tunamrudisha kulekule? Subira gani hiyo, jamani? Subira ni ile ya Bi Lubaba, aliyeuliza kwa upole akangoja jibu. Na hao tuliowarudisha, Mola atatuuliza habari zao, mmoja mmoja.